Siku Kwaya Ilipofuka Mvuke

Mpaka leo hapa Mgwashi, huku mlimani, kuna watu wakiniona na beseni la nguo wanatazama angani kwanza, halafu wananitazama mimi, halafu wanacheka, na wana haki, maana aibu ile niliifua mwenyewe, nikaianika mwenyewe na kuipiga pasi juu.

Nilikuwa na miezi minne ya ndoa. Mimi ni wa Korogwe, huku wanatuita watu wa nyika, na kwetu nguo ukiianika saa nne, saa sita unaivaa. Mama mkwe wangu ndiye mwalimu wa kwaya, na majoho meupe ya kwaya hamwachii mtu, lakini wiki ile alikuwa na msiba Soni na Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno, basi akaniwekea majoho kumi na mawili mbele yangu akasema, "Haya ni yako, mwanangu." (Hakuwahi kuniita hivyo. Siku zote nilikuwa "mgeni wetu", kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioniuma.)

Jumamosi nikafua, nikaanika uwanjani. Saa tisa ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni. Nikawaza, jikoni yatanuka moshi, sebuleni hayaenei, hapa wazi yataloa. Nyuma ya nyumba kuna mti mkubwa wa msindano, matawi yametanda, nikasema huu si mwavuli wa bure! Nikahamishia majoho yote chini yake nikaenda zangu kupika, nikijisifu.

Asubuhi uwanja haukuwa na hata kidimbwi. Chini ya msindano tu ndiko kulikonyesha! Tone, tone, tone, na majoho yanachuruzika kama yametolewa kwenye beseni sasa hivi. Nikayakamua, nikawasha pasi ya mkaa, nikayapiga mbiombio mpaka yakanyooka, ila unyevu ukabaki ndani, nikayakunja yakiwa ya moto, nikayatia kwenye boksi na kukimbia kanisani. Mama alikuwa amesharudi, yuko mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yamekauka?"

"Yamekauka, mama." (Mlangoni mwa kanisa, Mungu anisamehe.)

Kwaya ikavaa, ikasimama mbele, kanisa la baridi, jua likaingia kwa dirisha la pembeni, na kwenye ubeti wa pili nikaona mvuke ukipanda mabegani mwa sauti ya kwanza, kisha ya pili, mara besi wote wanafuka kama viazi vilivyoepuliwa. Mzee Zebedayo, mzee wa kanisa ambaye macho yake hayaoni vizuri, akaruka, "Moto! Kwaya inaungua!" akanyakua ndoo ya maua ya mavuno akawamwagia, maji, maua na kila kitu. Kwaya haikuacha kuimba. Nawavulia kofia.

Baada ya ibada nikapiga magoti nje, nikalia, "Mama, nilikudanganya. Niliyaweka chini ya msindano yasiloe." Akanitazama, nikajua narudishwa Korogwe. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

Jioni ukungu ulipoingia akanipeleka kwenye ule mti, akaweka sufuria tupu chini. "Huku ukungu unapita tu, mti ndio unaukamata. Kila jani linashika chembe, chembe zinaungana, zinadondoka. Unadhani kiangazi chemchemi yetu inapata wapi maji?" Sufuria ikaanza kulia. Nilipigwa na butwaa, nawaambia ukweli: maji yamepanda mlima mzima bila mtu kuyaona, yakaja kutulia kwenye ncha ya jani jembamba kama uzi!

"Yanatoka wapi?" nikauliza.

"Huko chini, kwenu. Yanapanda huku, tunayanywa, mengine yanashuka na mto Lwengera mpaka Korogwe." Akanitazama. "Nani atayaita mageni?"

Nimeapa sitaanika tena chini ya mti, wala sitasema kitu kimekauka kabla sijakibana shavuni. Lakini Jumamosi iliyofuata nilifungua mlango nikakuta beseni, majoho yote kumi na mawili yamo, na sauti yake inatoka jikoni: "Uwanjani, mwanangu! Uwanjani!"