Plasta Kwenye Mkono wa Yesu

Padri alinituma Arua nichukue picha takatifu ya Yesu, iliyochorwa kwa mtindo wa kale wa Wagiriki, niilete kanisani kwetu Koboko. Nikaitazama vizuri. Yesu alikuwa ameinua vidole viwili! Miaka ile hiyo ilikuwa salamu ya wapinzani wa serikali, na njiani kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi.

Nikavibandika vidole hivyo plasta, kisha nikaifunga picha kwa kitambaa. Kizuizini, mwanajeshi hata kitambaa hakufunua.

“Mama, pita.”

Nikamkabidhi Padri picha ikiwa imefungwa, plasta nimeisahau kabisa.

Jumapili akaifunua, macho yake kwa waumini. “Tazameni vidole viwili! Maana yake, Yesu ni Mungu na pia ni mtu.”

Bibi mmoja akauliza kwa huruma, “Padri, mkono yake iko na kidonda?”

Padri akaitazama picha, kisha akanitazama mimi.