Siku Kumi na Tisa

Tulimwita Bi Tarehe, na jina lilimkaa. Meza yake na yangu za kupiga chapa zilipakana kwenye kibaraza cha mahakama, kila mmoja na kompyuta yake kuukuu na printa isiyoamka mpaka ipigwe konzi. Mteja akianza kusimulia alivyodhulumiwa, machozi yakimtoka, yeye humkatiza: "Pole. Ilitokea lini?" Kwake dhuluma isiyo na tarehe ilikuwa umbea tu. Aliwaambia wote kwamba haki ina siku zake za kudaiwa, na zikipita, mahakama haikuulizi uliumia kiasi gani. Nyumba na ardhi ni miaka kumi na miwili. Mengine ni michache zaidi. Wengi walipona kwa sababu aliwafukuza mezani kwake waende masijala siku ileile.

Na yeye mwenyewe alikuwa na shauri. Sitampamba: kwa jambo hili alikuwa mjinga, na ujinga wake uliniudhi miaka nenda miaka rudi.

Mama yake alimwachia nyumba kwa maandishi, mama mdogo akishuhudia, maana Bi Tarehe ndiye aliyemuuguza hadi mwisho. Matanga yalipokwisha, kaka yake mkubwa akabadilisha kitasa. Bi Tarehe akapanga chumba kimoja nyuma ya stendi. Hati ya madai aliichapa wiki hiyohiyo, akaitia kwenye droo. Kila mwaka kaka alimwambia, "Mdogo wangu, mahakama ya nini? Haya tutayamaliza kifamilia." Na kila mwaka yeye alibadilisha tarehe pale juu ya hati, akaichapa upya, akairudisha kwenye droo.

"Vikao vya ukoo havisimamishi siku," nilimwambia. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua. Lakini nikimshtaki ndugu yangu, nani atanizika?"

Mwaka wa kumi na mbili, mwezi wa mwisho, kaka akapooza upande mmoja. Bi Tarehe akawa anampelekea chakula hospitali asubuhi na jioni. Nikamkumbusha. Akasema hawezi kumpelekea mgonjwa wito wa mahakama kitandani, hata adui hafanyiwi hivyo. Kaka alipopata nafuu na kurudi katika nyumba ileile, akamwambia asikanyage tena pale. Ndipo akafungua shauri. Muda wa kudai ulikuwa umepita kwa siku kumi na tisa.

Wiki iliyofuata, yeye akiwa amemfuata mama mdogo ili awe shahidi, kaka alikuja kibarazani na mkongojo wake, akakaa mezani kwangu. Alitaka kujibu madai. Sisi wapiga chapa tuna mwiko wetu: mteja hafukuzwi, na karatasi yake haisemwi kwa jirani. Ningeweza kudai printa imekufa. Nimewadanganya hivyo watu wasio na kosa lolote. Sikudai. Nilifungua mfano wa pingamizi la awali, la kusema shauri limechelewa, ule alioniandalia Bi Tarehe nilipoanza kazi, nikajaza majina na tarehe. Haikuchukua hata dakika kumi.

Siku ya shauri mama mdogo alikaa kwenye benchi, maandishi ya marehemu dada yake yamo kwenye mfuko wa nailoni, akingoja kuitwa. Hakuitwa. Pingamizi husikilizwa kwanza. Hakimu alihesabu, akasema shauri limeletwa nje ya muda, akalitupa. Nyumba ni ya nani, hakuna aliyeuliza.

Bi Tarehe alirudi mezani na nakala ya lile pingamizi mkononi. Aliisoma polepole hadi chini, akiyafuata kwa kidole maneno aliyoyatunga mwenyewe.

"Umechapa vizuri," akaniambia. "Hakuna kosa hata moja."

Kisha akampokea mteja aliyekuwa akingoja. Huu ni mwaka wa tatu tumekaa meza jirani tangu siku ile. Ananisalimu kila asubuhi, karatasi zikiniishia ananiazima, na hajanisema kwa mtu yeyote. Heri angenitukana.