Karanga Zangu na Parachichi la Mama Mwita

Nikipita sokoni nikanusa giligilani mbichi, roho huniuma kidogo kabla pua haijafurahi. Wenzangu harufu hiyo huwakumbusha pilau. Mimi hunikumbusha Krismasi moja nyumbani kwa bibi, pembeni mwa mji wa Tarime, upande wa Turwa ambako nyumba zinakwisha na mashamba yanaanza, siku niliyonyang'anywa cheo changu na parachichi la kuponda.

Cheo chenyewe kilikuwa hiki. Bibi yangu mzaa mama alijaliwa mabinti watatu, mtoto wa kiume hakupata. Mabinti wote waliolewa, na mimi, Bhoke, mtoto wa binti wa mwisho, nililelewa pale kwa bibi tangu nianze kutembea. Kila Krismasi mama na dada zake walirudi na waume zao na watoto, wamejaa vumbi la njiani, nyama bado inatokota, na jamani, wakwe huwezi kuwaacha wakae wanatazamana tu. Kwa hiyo bibi alitanguliza vitafunwa: mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi mbichi zilizokatwa nyembamba na kukaangwa mpaka zikakauka. Katikati ya sinia lilikaa bakuli la kuchovyea, na bakuli hilo lilikuwa langu. Nilikaanga karanga kwenye chungu, nikazifikicha na kuzipepeta maganda, nikazitwanga kwenye kinu kidogo pamoja na chumvi na zile pilipili ndogo kali, kisha nikalegeza kwa maji ya uvuguvugu. Si kazi ngumu, hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza, nami nilikuwa darasa la tatu. Nilipotoka nalo jikoni bibi alisema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Hii ametengeneza Bhoke wangu." Hilo neno "wangu" nililisubiri mwaka mzima.

Mwaka huo, mvua za vuli zikiwa hazijaanza, bibi alioa.

Ndiyo, bibi alioa. Kwetu Wakurya si jambo la kushangaza. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, awe mke wa nyumba yake, na watoto wa msichana huyo wakawa watoto wa nyumba hiyo. Wenyewe tunaita nyumba ntobu. Aliyeolewa aliitwa Robi. Alikuja na sanduku la bati, mtoto mgongoni aitwaye Mwita, na ujuzi alioupata akifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya watalii kule Ikoma, karibu na geti la hifadhi. Niliambiwa nimwite mama Mwita, na nimwamkie kila asubuhi. Shikamoo yangu ilitoka nusu, nusu ikabaki kooni.

Nilimwonea wivu kwa kila kitu. Alipewa funguo za stoo. Alipewa chumba nilichokuwa nalala, mimi nikahamishiwa kitandani kwa bibi, jambo ambalo kwa kweli nililipenda, ila sikutaka mtu ajue kwamba nalipenda. Bibi alikuwa akiniita mimi kumtungia uzi kwenye sindano. Sasa akaanza kumwita yeye. Hata Mwita, ambaye hakuwa na jino hata moja, nilimwona ana maringo.

Basi Krismasi ikafika. Asubuhi mama Mwita aliokota maparachichi chini ya mti. Kwetu parachichi lililiwa kwa sukari, na yaliyozidi walipewa nguruwe. Yeye akayaponda kwa uma, akatia kitunguu kilichokatwa vidogo vidogo, nyanya aliyoitoa mbegu, ndimu, chumvi, pilipili kidogo, na majani ya giligilani aliyoyapanda mwenyewe nyuma ya jiko. Nikasogeza pua.

"Inanuka kunguni," nikasema.

Akacheka. "Onja kwanza, wewe mtoto." Sikuonja ng'o.

Mabakuli mawili yakatoka, langu la kahawia na lake la kijani. Baba mkubwa, mume wa dada yake mama, alikuwa amefika kutoka Kewanja na njaa yake. Akalikodolea macho lile la kijani.

"Parachichi na chumvi? Mama, siku hizi mnatulisha chakula cha nguruwe?"

Watu wakacheka, moyo wangu ukacheka kuliko wote. Kisha, kwa kumwonea haya mke mgeni, akachovya kipande cha ndizi. Akatafuna. Akachovya kingine. Halafu akavuta kiti chake karibu na sinia, na hapo nikajua nimekwisha. Bakuli la kijani likakombwa, watoto wakalamba vidole, huku karanga zangu zikitanda ngozi juu. Bibi akatazama lile bakuli tupu, uso umemchanua, akasema kwa ile sauti yake, "Hii ametengeneza mama Mwita wangu."

Nilibeba karanga zangu nikaenda nyuma ya banda la nguruwe, nikazila peke yangu mpaka midomo ikavimba kwa pilipili. Bibi alikuja kunitafuta. Akajishusha taratibu mpaka chini, akachovya kidole bakulini mwangu, akalamba.

"Bibi, mimi si nipo?" nikamwuliza. "Huyu ulimleta wa nini?"

Hakunibembeleza, bibi hakuwa mtu wa kubembeleza. "Wewe utaenda," alisema. "Mama yako alienda, mama zako wakubwa walienda. Na wewe utasoma, utaolewa, utaenda. Huyu ndiye wa kubaki."

Nilisikia nafukuzwa. Nililia, na kilio hicho hakikuwa cha pilipili.

Bibi alifariki nikiwa nasomea uuguzi Musoma. Baada ya maziko, ndugu wa upande wa marehemu babu walikaa kuzungumza habari za shamba na ile nyumba, na mama na dada zake walikaa pembeni kimya, maana kwa mila mtoto wa kike aliyeolewa hana neno pale, na mtoto wa mtoto wa kike ndiyo kabisa. Lakini jikoni moto ulikuwa unawaka. Mwita, mvulana mrefu sasa, alikuwa amesimama na wanaume kama mwana wa nyumba, na mama yake alikuwa akiwapakulia chakula bila kuuliza ruhusa ya mtu. Hakuna aliyeweza kusema nyumba ile imefungwa kwa kukosa mtoto wa kiume. Ndipo nikayaelewa maneno ya nyuma ya banda. Bibi alinipenda vilevile, ila alijua upendo wake hautaweza kunishikia mlango, akatafuta wa kuushika.

Krismasi iliyofuata nilisafiri na hofu. Bibi hayupo, nikajiambia, mimi ni nani pale? Nilifika nikasimama uani na begi langu, nikapiga hodi.

Mama Mwita akatoka na kisu mkononi, machozi ya vitunguu yanamtiririka.

"Hodi ya nini, Bhoke?" akasema. "Njoo ukate vitunguu, wageni wanakaribia kufika."