Mma Tiro na Wasichana Wasiokula

Mma Tiro alikuwa hajapuliza hata filimbi ya kwanza aliposikia mchakacho. Chakara, chakara, chakara. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, mwezi ambao hapa Moshupa kwa joto hata kubweka mbwa wanaona kazi, na wasichana wa timu yake ya mpira wa pete walikuwa wanazunguka uwanja wamevaa majaketi yaliyofungwa zipu hadi kidevuni. Alimdaka aliyekuwa karibu naye, akamfungua zipu bila kuomba ruhusa. Ndani kulikuwa na mfuko mweusi wa takataka uliotobolewa matundu matatu, moja la kichwa na mawili ya mikono.

"Nini hiki?"

"Ni cha kutoa jasho, Mwalimu. Mafuta yanayeyuka."

"Mafuta gani? Wewe una mafuta gani ya kuyeyusha? Ukikaangwa hata yai haligeuki! Vueni! Wote, vueni hayo matakataka kabla sijamzika mtoto wa mtu hapa!"

Walivua, wengine wakicheka kwa aibu, wengine wakinuna, na kando ya uwanja pakawa na lundo la mifuko iliyolowa jasho. Mma Tiro alilitazama lundo lile akahisi kupiga mayowe. Wiki iliyotangulia ilikuwa siki. Kabla ya siki ilikuwa maji ya moto yenye ndimu, na kabla ya hapo kulikuwa na msichana mmoja aliyesoma kwenye simu kwamba ukitafuna barafu tumbo linadhani umekula.

Jina lake hasa lilikuwa Gaolape, ila tangu amzae Tiro hakuna aliyelitumia isipokuwa mama yake na benki. Asubuhi alifundisha upishi katika shule ya sekondari, na mchana alifundisha mpira wa pete, kazi ambayo hakuna aliyempa na hakuna aliyemshukuru. Ujanani aliichezea wilaya akiwa mchezaji wa kati, mpaka goti likamsaliti. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyofika sokoni akiwa bado shuleni, na subira yake ilikuwa imekwisha miaka mingi iliyopita. Mumewe, fundi wa pampu za visima, alikuwa amezoea kula chakula cha usiku huku akihadithiwa uchokozi wa watoto wa watu.

"Waache," alimwambia. "Wakisikia njaa watakula."

"Kusikia njaa ndiyo mashindano yao, Rra Tiro! Asiyekula ndiye anayepigiwa makofi!"

Kwa hesabu zake, wasichana walikuwa wa aina mbili tu, na zote zilimkera. Wa kwanza walinunua magwinya, yale maandazi yanayochuruzika mafuta, kwa akina mama wa langoni, wakateremshia soda, kisha wakaja mazoezini kutapika. Wa pili hawakuweka kitu kinywani kutwa nzima na wakasifiana kwa hilo. Amkeni mle uji wa mtama, aliwaambia. Kuleni kunde, mboga za majani, maziwa ya mgando, na nyama ikiwepo. Kunyweni maji. Laleni, simu nazo zilale. Kimbieni kwa sababu miguu inapenda kukimbia, msikimbie kuliadhibu tumbo. Aliyasema hayo darasani, uwanjani na kwenye mikutano ya wazazi, mpaka yeye mwenyewe akawa hayasikii tena.

Yote hayo angeyavumilia, lakini si ya Boikanyo.

Boikanyo alikuwa mlinzi wake wa goli, msichana wa miaka kumi na mitano, mrefu, mwenye mabega mapana na mikono isiyoisha. Akiruka na kuinyanyua, wafungaji wa timu nyingine waliishia kurusha mpira mawinguni. Mma Tiro alikuwa ameshamwona, katika ndoto zake ambazo hakumsimulia mtu, amevaa jezi ya taifa. Sasa, tangu majira ya baridi, mtoto alikuwa anapungua. Kwanza mashavu, halafu mabega. Akaanza kuruka nusu, akaanza kuchelewa mipira ambayo zamani aliichukua bila haraka. Alipoulizwa, alisema ni mitihani.

Siku ile ya mifuko Boikanyo aliuvua wake kama wenzake, akaingia uwanjani, akaruka mara mbili, na mara ya tatu hakuruka. Magoti yalikunjika akaenda chini bila kutanguliza mikono. Mma Tiro alifika akiwa amelisahau goti lake bovu. Alimnyanyua kichwa, akamshika mkono, na vidole vyake vikauzunguka mkono ule na kupitana.

"Umekula nini leo?"

"Nimekula, Mwalimu."

"Sijauliza kama umekula. Nimeuliza nini."

"Tofaa."

"Saa ngapi?"

Boikanyo alifikiri. "Jana."

Wasichana wengine walikuwa wamesimama wamewazunguka, na safari hii hakuna aliyecheka. Mma Tiro aliwafukuza. Aliinama akauliza kwa sauti ya chini swali ambalo mama huliuliza, na Boikanyo akatikisa kichwa. Siku zake hazikuwa zimekuja tangu baridi ianze.

Kwenye zahanati nesi alimvuta kope la chini, akatazama ule weupe, akamgeukia mwalimu. Damu ilikuwa imepungua sana. Asicheze, asikimbie, hata ngazi apande polepole, mpaka awe anakula sawasawa. Akiendelea hivi, nesi alisema, atapelekwa hospitali kuu alazwe, maana moyo nao ni msuli na mwili wenye njaa unaanza kuula. Alimpa vidonge vya kuongeza damu. Boikanyo aliviweka mfukoni, na kwa jinsi alivyoviweka Mma Tiro alijua havitatoka.

Hapo ndipo mori ulipompanda kikwelikweli, na alijua pa kuupeleka. Boikanyo aliishi na bibi yake, Mma Kedibonye, kwenye boma la juu karibu na kilima. Bibi huyo alisifika kwa ukali na kwa ufugaji wa mbuzi. Mwalimu alimshika mtoto mkono, wakapanda, na hata hodi yake langoni ilikuwa ya kugomba.

"Mama, huyu mtoto anakula nini hapa?"

Mma Kedibonye alikuwa ameinama kwenye chungu cha miguu mitatu. Aliinuka taratibu, na mwiko mkononi.

"Na wewe mwalimu umekuja? Vizuri. Nilikuwa nakuja mwenyewe kesho. Huo mpira wako unanilia mjukuu! Nilikupa mtoto, unanirudishia mifupa!"

"Mpira? Mpira haujamnyima mtu chakula! Ameanguka leo. Hajala tangu jana!"

"Nani kamnyima? Mimi?" Bibi aliufunua mfuniko wa chungu ukalia. "Tazama! Makande haya. Pale maziwa ya mgando. Juzi nimechinja. Kila jioni nampakulia mpaka sahani inafurika, anaibeba anaenda kula nyuma ya nyumba, anairudisha nyeupe. Nimlambishe na kidole?"

Mma Tiro alifungua kinywa ajibu, macho yake yakatua kwa mbwa. Mbwa wa Moshupa unamhesabu mbavu akiwa mbali. Huyu wa Mma Kedibonye alikuwa amelala kivulini ubavu mmoja, ngozi inang'aa, tumbo limemwagika pembeni, na hata wageni kuingia hakujisumbua kusimama. Bibi aliyafuata macho ya mwalimu. Walimtazama mbwa wote wawili kwa muda.

"Jamani!" Bibi alipiga paja. "Ndiyo maana! Nami nikasema huyu mbwa kafanyaje, mbona amenona hivi?"

"Umeona! Umeona!" Boikanyo alichomoa mkono wake kwa mwalimu. Hakuwahi kumpandishia mtu mzima sauti, na sasa sauti ilimtoka imepasuka. "Ni neno la mbwa! La mbwa na ng'ombe! Na wewe uliniita hilo mbele za watu!"

"Neno gani?"

"Umenona! Siku walipoleta ng'ombe wa mahari ya binti mkubwa wa mjomba. Ulinisimamisha katikati ya ua, ukanizungusha, ukapiga kigelegele. 'Mwoneni Boikanyo, o nonne! Amenona!' Marafiki zake wote wa kutoka Gaborone walikuwepo, na simu zao. Walinirekodi, Bibi. Ikafika shuleni kabla yangu. Mpaka leo wananiita Nonne."

Mma Tiro alihisi uchovu ukimshuka hadi kwenye nyayo. Miezi yote hii alikuwa akigombana na siki, barafu na mifuko ya takataka, kumbe chanzo kilikuwa neno moja, tena la sifa. Kila mzee wa Moshupa hulisema. Ukitoka safari unaambiwa umenona, unashukuru. Mama yake mwenyewe humwambia kila Krismasi. Ila watoto hawa walilijua la kwenye simu tu, na huko lilikuwa tusi.

"Mama," alisema, akijilazimisha kuongea kwa upole, kazi iliyomshinda kuliko goti. "Siku hizi watoto hawalipendi. Usimwambie tena hivyo."

"Nimwambieje?"

"Mwambie ana afya."

"Afya? Kwani mimi nesi?"

"Mwambie ana nguvu."

"Punda ana nguvu. Nimfananishe mjukuu wangu na punda?"

"Basi mwambie amependeza, mama, Mungu wangu! Au usimwambie kitu! Ninyi wazee mnamtazama mtoto mwili mbele za watu kana kwamba yuko mnadani, hawa nao wanajinyima chakula kwa sababu ya maneno, na mimi niko katikati naokota watu chini! Nimechoka!"

Alisema kwa nguvu hata mbuzi wakasogea. Mma Kedibonye aliuweka mwiko juu ya mfuniko, akajifuta mikono kwenye khanga ya kiunoni.

"Mwalimu, unajua kilichomuua Kedibonye wangu?"

"Nilisikia ni kifua."

"Kifua." Bibi alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Ndivyo tulivyosema. Wakati ule ukimwi tuliuita ugonjwa wa redioni, maana tulikuwa tunausikia redioni tu. Halafu ukaja kukaa humu ndani." Alimgeukia Boikanyo. "Mama yako alikuwa mrefu kukushinda. Mwishoni alikuwa hawezi kutembea. Nilikuwa namtoa kitandani kila asubuhi namleta hapa aote jua. Kwa mikono hii. Mtu mzima, mwanangu wa kumzaa, namnyanyua kama nguo za kufua. Hakunichosha. Nilikuwa naingia ndani nalia, kwa sababu hakunichosha."

Habari hizi Boikanyo hakuwahi kusimuliwa na mtu.

"Wewe ndiye uliyekuwa unanichosha. Una miaka miwili, uko mgongoni, unakula kila kitu, hata udongo wa ukuta. Siku ya maziko waliniambia nikushushe, wanawake wenzangu, nikakataa. Mgongo ulikuwa unaniuma kwa uzito wako. Nikasema moyoni, huyu basi atabaki." Alivuta pumzi. "Nikikuona umenona, ndicho ninachokiona. Napiga kigelegele. Sasa kama neno limeharibika, mwalimu kasoma, anipe jingine. Hayo aliyonipa hayatoshi."

Mma Tiro alilitafuta, na kadiri alivyotafuta ndivyo alivyozidi kukasirika, wala hakujua amkasirikie nani.

"Njoo hapa," Mma Kedibonye alimwambia mjukuu wake.

"Bibi, usi..."

"Njoo."

Boikanyo alisogea. Bibi, mwanamke wa miaka sabini na kitu, aliinama, akamzungushia mikono kiunoni, akajikaza. Mma Tiro alipiga hatua awahi kuwazuia wasianguke wote wawili. Hawakuanguka. Miguu ya yule msichana mrefu iliacha ardhi, viatu vya michezo vikaning'inia, na bibi akasimama naye pale katikati ya ua, bila kutetereka, muda mrefu kuliko walivyotaka wote watatu.

Kisha akamshusha. Alimtazama usoni.

"Sijachoka," alisema.

Boikanyo alikitazama chungu, akamtazama mwalimu wake. Halafu akaketi chini pale pale mavumbini, mbele yao, akaomba kijiko.