Nailoni ya Spika

Soko huria lilipofika Korogwe, lilimkuta kaka yangu mlangoni akilisubiri. Alifungua duka la kuchapa barua, akaleta kompyuta kutoka Dar es Salaam na spika zake mbili, kisha akapiga marufuku mtu yeyote kubandua nailoni iliyozifunika. Kitu kipya lazima kionekane kipya. Mwaka wa pili spika zilikuwa bado mpya, ila vumbi tu.

Mama akaja kutoka Handeni na kaseti aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Marehemu baba aliirekodi alipokuwa kibarua Mombo, akaituma nyumbani badala ya barua kwa kuwa mama hakujua kusoma. Redio ya nyumbani ilishakufa, na utepe wenyewe ulikuwa umechoka. Mama alitaka kumsikia mumewe tena kabla haujakatika.

Kaka akaihamishia kwenye kompyuta kwa mbwembwe zote, akabonyeza. Pwa! Pwa! Kila baba alipofungua mdomo, spika zilipasuka kama bisi kwenye sufuria. Hata salamu hatukuipata. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifuta macho.

Fundi akaitwa. Akaitazama kompyuta kama daktari bingwa, akasema ni virusi. Virusi vikaondolewa, bisi zikaendelea. Basi ni umeme. Jirani akaombwa azime friji lake. Soda zikapata moto, bisi zikaendelea. Basi ni waya, waya ukabadilishwa. Mwishowe mtaalamu akatamka kwamba spika ni nzima, kwani hazijawahi kupasua kwaya ya akina mama inayopigwa hapo dukani, kwa hiyo ubaya uko kwenye sauti nzito ya mzee. Yaani mgonjwa alikuwa marehemu.

Fundi akaipiga sauti hiyo tena ili atuthibitishie. Mama akasogea, akaweka kiganja juu ya spika, polepole, kama anayemshika mtu bega. Spika hiyo ikaacha kupasuka. Akainua mkono, pwa! Akaurudisha, kimya.

"Ni nailoni," nikasema. "Imelegea, inapigapiga."

"Basi mama aendelee kushika," kaka akajibu haraka. "Spika bado mpya hizi!"

Huyo ndiye mfanyabiashara wetu.

Mama hakugeuka. "Baba yenu naye aliyaacha makochi kwenye nailoni, akisema tusubiri wageni. Tuliivua siku ya msiba wake, wageni wakakaa. Yeye hakuwahi kuyakalia bila nailoni."

Kaka akamtazama, akaitazama spika. Kisha akaibandua nailoni mwenyewe kwa kucha, ya kwanza na ya pili, akaifinyanga mkononi asijue pa kuitupa. Fundi alikuwa ameshapata shughuli nyingine nje.

Nikabonyeza mimi. Sauti ya baba ikajaa dukani, nzito, bila doa.

"Hamjambo huko nyumbani?"

"Hatujambo, baba watoto," mama akajibu.