Mgongo wa Mbaka

Teresia wa Mbaka alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini ukimtajia ndege alinyamaza kimya. Mwaka 1981 watu wa filamu walifika kwenye uwanda mkavu wa Mbeere, chini ya kilima cha Kiang'ombe, wakasema pamefanana kabisa na jangwa ambako Wazungu walipigana kwa ndege katika vita vyao vikuu. Wenyeji walicheka mpaka wakashika mbavu. Kumbe ardhi isiyotoa hata debe la mtama ilikuwa inatafutwa ng'ambo! Wageni walisawazisha uwanja, wakaleta ndege moja ya kweli na tatu za mbao, wakaajiri vijana wa hapo wabebe mapipa ya mafuta mbele ya kamera. Mbaka, mumewe Teresia, alikuwa mmoja wao.

Miezi mitano baadaye malaria ilimchukua Mbaka, na Teresia ana mimba ya Jedidah. Hakuacha picha. Ile moja ya kitambulisho ilirudi kwa chifu pamoja na kitambulisho chenyewe, kama sheria inavyotaka, na katika vurugu za msiba Teresia hakukumbuka kuiangalia mara ya mwisho. Miaka ikasonga, uso ukaanza kumponyoka. Kwanza alisahau masikio, halafu mdomo. Hilo lilimuuma kuliko hata mazishi. Alimtamani Mbaka na hakuweza kumwona hata akifumba macho. Likabaki tumaini moja tu: mahali fulani duniani kuna filamu, na ndani yake Mbaka anatembea.

Ilipita miaka thelathini. Jedidah, ambaye sasa aliuza viazi soko la Gakoromone, akaipata filamu ile kwa muuza kanda mmoja wa Majengo, Meru mjini. Teresia alikuja na gauni lake la kanisani, kichwa amekifunga kitambaa kipya, kama mtu anayekwenda kuposwa upya. Kithaka, mume wa Jedidah, aliwasha mashine kisha akatoka nje. Kwao mwanamume hakai akitazamana na mama mkwe. Akikutana naye hata njiani, anageuza uso. Ndiyo heshima, na Kithaka alikuwa kijana wa heshima kupita kiasi.

Wabeba mapipa wakatokea.

"Yule!" Teresia akaruka. "Yule mwenye bega moja chini! Ni yeye, ni yeye!"

Alikuwa Mbaka kweli, kwa mwendo wake na kwa mgongo wake mpana. Wenzake wote walikuwa wanaichekea kamera, meno nje. Mbaka peke yake alikuwa amepinda shingo, anaangalia kilimani. Akapita na pipa lake, akaishia nyuma ya ndege. Jedidah alirudisha kanda mara nne, na mara zote nne Teresia aliinama mbele, akingoja ageuke.

"Lakini Mama, mbona anaangalia huko?"

Teresia alijua. Siku ile ya kupiga filamu ni yeye mwenyewe aliyemwita mama yake, Igoki, cucu yake Jedidah, aje aone sifa za mkwe wake. Bibi yule alikuja na kigoda chake, akakiweka kando ya kamera, na hakuna Mzungu aliyeweza kumwondoa. Mbaka angefanya nini? Alimpa mama mkwe heshima yake, tena mchana kutwa.

"Ni mimi nilimleta cucu yako," alisema, akalia kwa sauti.

Kesho yake aliomba apelekwe uwanjani. Kithaka aliwaendesha kwa pikapu yake, macho barabarani. Uwanja wa ndege ulikuwa umegeuka shamba la ndengu. Teresia alizunguka, akakadiria ndege ilisimama wapi na mapipa yalipita wapi. Aliita jina la mumewe mara moja, polepole. Jedidah akatoa simu ampige picha.

"Usinipige mimi," Teresia alisema. "Kithaka! Njoo usimame hapa."

Kithaka alikuwa kando ya gari, amejiinamia. "Mama, mimi niko sawa tu hapa."

"Hauko sawa. Njoo."

Alikuja, akasimama kati ya ndengu, uso ameuelekeza kilimani. Teresia akamsogelea Jedidah, akasimama bega kwa bega na ile simu.

"Geuka, mwanangu. Angalia hapa."

"Mama, hiyo si adabu."

"Adabu naijua, nimeishi nayo miaka thelathini. Niangalie mimi. Huyu mtoto wangu asije siku moja akautafuta uso wako."

 Kithaka aligeuka taratibu, akainua macho, akamtazama mama mkwe wake usoni. Jedidah akapiga picha, kisha akapiga ya pili.