Shimo la Farasi Tulilolilinda

Nakumbuka siku daktari wa mifugo alipokuja kupima damu ya farasi wetu, mwanangu. Nilikuwa kijana, mtunza farasi katika kilabu cha matajiri cha kupanda farasi, karibu na Musonoi, hapa Kolwezi. Farasi mmoja alikuwa amekufa ghafla, tukataka kujua nani anafuata. Nilimshika kila mmoja kichwa, sindano ikaingia shingoni. Damu ya jike mwekundu, yule niliyempenda, ikakutwa na vijidudu vya kimeta, ugonjwa unaoua mnyama na mtu. Akafa kabla dawa haijamfaa kitu, nami nikalia.

Daktari aliagiza tumzike bila kumchuna, kisha tuwatangazie majirani. Mkubwa wa kilabu alikubali la kwanza tu.

“Mukisema, benye farasi batakimbia,” alituonya. Akaniweka nilinde udongo wa kaburi lake yule jike.

Wazee husema, mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hiyo niliijua, ila kazi niliipenda zaidi.

Kabwe, kijana mchimbaji wa shaba, mtoto wa jirani yetu, akapita na sururu yake.

“Yaya,” akaniita, kama mtu amwitavyo kaka yake, “unachunga nini apa?”

“Hakuna kitu.”

Akacheka. Hata wewe ungecheka. Hapa Kolwezi, nani analinda udongo usio na kitu? Alidhani tumeficha madini. Nilipokwenda kula, akarudi na wenzake wakachimba, na vijana wetu hushuka chini kuliko kaburi lolote. Madini hawakuyaona. Waliona nyama, na kwao hapakuwa na mboga; wakaikata, wakaila.

Kabwe akatokwa na kidonda cheusi mkononi, kisha homa. Wenzake waliwahi hospitali wakapona. Yeye aliogopa kuitwa mwizi, akajificha nyumbani mpaka pumzi ikamwishia.

Kwenye matanga mama yake aliniita mbele ya watu.

“Damu ya farasi munapimaka. Ya mutoto wangu, nani alipima?”

Mpaka leo nalisikia swali hilo, na mvi ndizo hizi.

Sasa wewe unakwenda Fungurume kupima wanyama, nami nimefurahi, lakini sikia. Ukishaujua ugonjwa, useme siku hiyohiyo, mlango kwa mlango, hata mkubwa akununie. Kazi itapatikana nyingine. Na mtu akikuuliza unalinda nini, usimjibu hakuna kitu. Mwambie kifo kiko hapa, apite mbali.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi usioogopa, na akuepushe na swali la mama yake Kabwe.